Ofa Iliyofika Msibani

Mtu akifiwa kati ya Fort Worth na Cedar Hill, huko Texas, simu ya kwanza huenda kwa ndugu wa marehemu na ya pili huenda kwa Bi Mwatumu. Haiendi kwa mchungaji wala kwa shehe, na wala haiendi kwa mwenyekiti wa jumuiya, ambaye huchaguliwa kila mwaka na kila mwaka hapokei simu. Bi Mwatumu ndiye anayejua masufuria makubwa yako gereji ya nani, pilau ya watu mia inataka mchele kiasi gani, rambirambi zipite mkononi mwa nani zisipungue njiani, na jeneza lipande ndege ipi lifike Dar es Salaam bila kulazwa kwenye viwanja vya watu. Anajua pia kukaa kimya na mfiwa, kazi inayowashinda wengi, maana watu wakikaa na mfiwa hushikwa na kiherehere cha kusema.

Hayo alifanya bure. Kazi iliyomlipa ilikuwa kuwaogesha, kuwavisha na kuwageuza wazee wasiojiweza katika nyumba moja ya kutunzia wazee kusini mwa Fort Worth. Na wazee wenyewe ni wazito, tusidanganyane. Wamekula vizuri maisha yao yote. Miaka kumi na mitano ya kuwanyanyua ilimwachia kiuno kinacholia akiinama na miguu inayovimba mpaka viatu vikawa vinaingia kwa kubembelezwa. Mwaka 2017 alikuwa na miaka hamsini na saba, na mpango wake duniani ulikuwa mmoja tu. Akifika sitini angevua ile sare ya bluu, arudi Tanga kwenye nyumba ya marehemu baba yake pale Ngamiani, akae barazani na asinyanyue kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Watoto hakujaliwa, na mume alishatangulia. Fedha za mpango huo, dola elfu arobaini, alizichuma kwa zamu za ziada na kwa Krismasi za wenzake, maana wao wakienda kanisani yeye ndiye aliyeshika nafasi zao.

Mwaka huohuo kimbunga kikaizamisha Houston. Maji yalipokauka, Rogers, Mtanzania mwenzao aliyekuwa mhasibu hukohuko Houston, akafungua kampuni. Angenunua nyumba zilizofurika kwa bei ya kutupa, abomoe kuta zilizooza, azitengeneze na kuzipangisha. Fedha alizitafuta kwa kuuza hisa, na hakwenda kuziuza kwa matajiri. Alikuja Cedar Hill, sebuleni kwa Gakii, nesi wa Kikenya aliyekuwa amealika watu kusherehekea cheti chake kipya. Akasimama na sahani ya nyama choma mkononi, akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka, akamalizia kwa kusema hakuna hata nyumba moja kati ya hizo inayodaiwa na benki.

Bi Mwatumu aliuliza swali moja.

"Mwanangu, nikitaka kutoka, natokaje?"

"Unaniambia tu, mama," Rogers akajibu, na watu wakacheka.

Alinunua kwa zile dola elfu arobaini zote. Gakii naye akanunua. Mwaka 2018 gawio liliingia mara mbili, mara ya tatu likaja nusu, kisha likakata kama bomba la maji. Rogers akawa mtu wa kupiga chenga kwenye simu. Gakii, ambaye hana subira na mtu anayempiga chenga, akaingia kwenye rekodi za ardhi, ambazo kule kila mtu anaruhusiwa kuzitazama, na akakuta nyumba zote zimewekwa rehani benki tangu siku ziliponunuliwa. Akampakia Bi Mwatumu kwenye gari wakaenda Dallas kwa wakili Kariuki.

Kariuki alikuwa kijana wa Nyeri mwenye sauti ya upole na ofisi ndogo juu ya duka la miwani. Aliwasikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema lolote.

"Sheria ya Texas iko hivi, mama," alisema. "Kama mtu amekuuzia shares kwa uwongo, uko na three years tangu siku uligundua ule uwongo. Lakini isipite five years tangu siku ulinunua. Ikipita, hata uje na malaika, judge hatakusikiza."

"Kwa hiyo muda upo," Bi Mwatumu akasema.

"Muda uko. Lakini hawa watu wakipata lawyer mzuri anaweza kuwatumia barua, wawarudishie pesa muachane. Karatasi yoyote ikija, msikae nayo. Niletee."

Hilo la mwisho alilisema akiwa ameshawafungulia mlango, na Bi Mwatumu akalichukua kama maneno ya kuagana. Alichotoka nacho kichwani ni ile miaka. Mtu aliyechoka akiambiwa ana miaka hujihisi amepewa godoro, na yeye usiku ule alilala vizuri kuliko alivyolala kwa miezi mingi.

Barua ilikuja kweli, Februari ya 2019. Tusisingizie Kiingereza. Bi Mwatumu husoma kila siku maelezo ya dawa za wazee na hajawahi kumpa mtu kidonge kisicho chake, na barua aliisoma yote akiwa amekaa kitandani na miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mawakili wa Rogers waliandika kwamba huenda wanunuzi hawakuelezwa sawasawa kuhusu mikopo ya benki. Kwa hiyo kampuni inajitolea kununua tena hisa zake kwa bei ileile aliyolipa, na riba ya kisheria juu, ikitoa gawio alilokwisha kupokea. Fedha zimeshawekwa amana benki. Atie saini fomu iliyoambatanishwa na kuirudisha ndani ya siku thelathini tangu barua imfikie. Asipojibu, anaweza kupoteza haki ya kushtaki.

Alifurahi mpaka akalia. Aliona Ngamiani, aliona baraza, aliona hata kikombe. Akapanga kutia saini asubuhi, akili ikiwa imetulia, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba mambo ya fedha hayafanywi na mtu mwenye usingizi.

Asubuhi simu ikamwamsha. Mama mzazi wa Rogers, aliyekuja Houston kulea wajukuu, alikuwa ameanguka jikoni na kufariki.

Hapa ndipo mtu asiye wa kwetu atakapomshangaa. Angetia saini, abandike stempu, kisha aende msibani, nani angejua? Lakini Bi Mwatumu hakuwa mtu wa kuulizwa nani angejua. Kumdai mfiwa kabla arobaini haijapita, kwake ilikuwa ni kuingia nyumba yenye maiti na viatu. Amewahi kuwafukuza watu msibani kwa kosa hilohilo. Aliwahi kumnyang'anya sahani ya pilau bwana mmoja wa Plano aliyemkumbusha mjane deni la gari, akamwambia aende akale kwake. Leo yeye atume karatasi ya kudai, ifike mezani kwa Rogers siku moja na kadi za pole? Akaibandika barua kwenye friji kwa sumaku, akaanza kupiga simu za rambirambi.

Alihesabu, usidhani hakuhesabu. Aliona kwamba siku za barua zitakwisha kabla ya arobaini. Akajiambia siku kumi si kitu baina ya watu waliozikana, na zaidi ya hapo wakili mwenyewe alisema ana miaka. Barua zile wanaandikiana Wamarekani, akawaza, mimi na Rogers ni watu.

Alichangisha fedha za kumsafirisha marehemu mpaka zikabaki. Akaomba likizo bila malipo, akapanda gari la Gakii, wakashuka Houston. Kwa siku nne alipika, akaosha vyombo, akawapanga waliolala sebuleni, akamshika mke wa Rogers kila alipozidiwa. Jioni ya kuamkia safari ya kuondoka na jeneza, Rogers alimfuata jikoni. Macho yalikuwa mekundu na shati lilikuwa la jana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Alisimama akishika ukingo wa sinki.

"Mama, ile barua ya wakili umeipata? Maana mimi nilitaka nikwambie kwamba ile..."

"Nyamaza," Bi Mwatumu akasema, na akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga, kama anavyozibwa mtoto. "Leo usinitajie barua. Mpeleke mama akapumzike. Mimi na wewe tutaongea arobaini ikishapita."

Rogers akamwangalia, akamwinamia begani na kulia kwa kwikwi. Kama kilio kile kilikuwa cha mama yake tu, au kilikuwa na nafuu ndani yake, mpaka leo Bi Mwatumu hajui, na amejiuliza mara nyingi kuliko alivyopenda.

Wakati wa kurudi, Gakii alisimamisha gari katikati ya njia kuweka mafuta, akatoa bahasha kwenye mkoba na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta. Bi Mwatumu akadhani ni bili ya maji. Hakuuliza, na Gakii hakusema.

Arobaini ilisomewa Houston, padri akaongoza sala, Bi Mwatumu akapika. Rogers alikuwa amerudi, amekonda, amenyoa kichwa. Wageni walipokwisha kutawanyika, mama wa watu akafuta mikono, akatoa fomu yake iliyotiwa saini vizuri kwa kalamu ya bluu, akaiweka mezani.

"Sasa tuongee, mwanangu."

Rogers aliitazama ile karatasi bila kuigusa. Akaanza kutafuna maneno. Alisema wakili amemkataza kupokea fomu yoyote iliyochelewa. Alisema muda umekwisha wiki iliyopita, waliojibu wameshalipwa, na fedha zilizobaki kwenye amana alizitoa zikaenda benki, kwa sababu benki ilikuwa inataka kuchukua nyumba.

"Rogers. Nilikwambia tutaongea arobaini ikipita."

"Ulisema, mama."

"Na wewe ulinyamaza."

"Uliniambia ninyamaze."

Hakulisema kwa ukorofi. Lingekuwa la ukorofi angeweza kumpiga kofi na roho ikatulia. Alilisema kama mtu anayejibu swali la kanisani, kisha akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba atamlipa mwenyewe polepole, nje ya mambo ya mawakili, ampe muda tu. Bi Mwatumu akakunja fomu, akabeba sufuria zake.

Ndani ya gari ndipo Gakii alipolipuka.

"Auntie, si ulisema umesoma ile barua? Mimi nilidhani ume-sign!"

"Wewe ulituma lini?"

Gakii akashika usukani kwa nguvu. "Siku ile tulitoka hapa. Kwa barabara."

"Mtu hajazikwa, Gakii?"

"Kwetu tunazika na tunalipwa, Auntie. Niliona aibu kukuambia. Niliogopa utaniona sina heshima." Akafuta jicho kwa mkono wa sweta. "Ningekuambia tu. Haki, ningekuambia."

Mbele kulikuwa na njia ndefu mpaka Dallas. Bi Mwatumu alikuwa na hasira ya kugawa. Akampa Gakii kidogo, akampa Rogers, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, akamchukia hata yule marehemu, ajuza wa watu aliyekufa bila kumkosea mtu. Nyingi ilibaki kwake mwenyewe.

Mwaka 2019 ukaishia kwenye ahadi. Aprili Rogers alituma dola mia mbili, Juni mia, baadaye akatuma salamu za Idi. Mwishowe namba yake ikawa inaita tu. Bi Mwatumu akajikaza kisabuni, akaendelea kuinua wazee, huku akijiambia kwamba ile miaka mitatu bado ipo, haijaisha, na siku akichoka kabisa atakwenda kwa Kariuki kuitumia. Akaiweka akilini kama mtu anavyoweka noti ya mwisho kwenye soksi. Februari ya 2020, baada ya kuteleza bafuni na mzee mikononi na kiuno kukataa kunyooka kwa juma zima, akasema siku yenyewe imefika. Mwaka ule anatimiza sitini.

Kariuki aliisoma barua mara mbili. Alipomaliza mara ya pili hakuinua macho haraka.

"Mama, hii uliipata lini?"

"Mwaka jana. Februari."

"Na ulijibu?"

"Nilimpelekea fomu baada ya arobaini."

Kariuki akavua miwani. Akamweleza taratibu, na upole wake ndio uliomtisha Bi Mwatumu kabla hajaelewa maneno. Ile miaka mitatu na mitano ni ya mtu ambaye hakupewa ofa. Ofa ya kununua hisa tena ikishakufikia kwa maandishi, ikiwa na kila kitu sheria inachotaka, una siku thelathini tu. Ukiikubali, unalipwa. Ukiikataa kwa maandishi na kusema unabakiza haki yako ya kushtaki, unapata mwaka mmoja wa kwenda kortini. Ukikaa kimya, mlango unafungwa.

"Hata line moja, mama. Ungeandika, 'Sitaki, na bado nina haki ya kushtaki.' Hiyo tu ingetosha."

"Kwa hiyo nimeponzwa na kunyamaza."

"Ndio hivyo. Na barua yenyewe wameiandika vizuri sana. Nimetafuta makosa, sijaona."

"Na kudhulumiwa? Dhuluma haina sheria?"

"Iko njia ingine, lakini huko lazima tuonyeshe alikusudia kukuibia. Unaamini alikusudia?"

Bi Mwatumu akafikiria ile sahani ya nyama choma, na lile shati la jana. "Hapana," akasema. "Alikuwa na tamaa na hana mpango. Mwizi hakuwa."

Kariuki akasogeza kiti mbele na kuchukua kalamu. Sauti yake ikashuka.

"Sasa nisikize vizuri kabla ujibu. Kuna mtu alikuambia ungoje? Rogers mwenyewe, ama bibi yake, ama lawyer wake? Kwa sababu kama yeye ndiye alikuambia, 'Mama, tuko kwa matanga, tutaongea baadaye,' halafu akangoja siku ziishe, hapo naweza kwenda kwa judge. Naweza kusema huyu mtu ndiye alikushikilia. Ana lori mbili na shamba huko Katy, nje ya Houston. Kitu ya kushika iko. Kwa hivyo fikiria. Mlipoongea, mlikuwa wawili tu?"

"Wawili tu."

"Alisema nini?"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Bi Mwatumu alielewa vizuri sana alichokuwa anapewa. Jibu lilikuwa jepesi, maneno matatu au manne, na Rogers asingekuwa na shahidi wa kumkanusha. Waliojua lililosemwa kwenye sinki lile walikuwa yeye, Rogers na Mungu. Upande wa pili wa maneno yale kulikuwa na Ngamiani, na kiuno ambacho kisingeguswa tena na mzigo wa mtu. Alijua pia kwamba watu wote wa Fort Worth wangemwamini yeye, kwa sababu nani amewahi kumsikia Bi Mwatumu akisema uongo msibani?

Wala tusimvike utakatifu. Alifungua mdomo kwa nia ya kulisema. Alilitafuta lile neno, akamwona Rogers amesimama na midomo wazi, ameanza kulieleza jambo ambalo lingempa yeye fedha zake zote, na akauona mkono uliomziba. Ulikuwa mkono wake. Akajaribu kuugeuza uwe wa Rogers, na alikuwa amechoka mno, hakuweza.

"Yeye alitaka kuniambia," akasema. "Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Kariuki akainua macho. "Una uhakika, mama?"

"Nilimziba mdomo kwa mkono wangu huu."

Akaiweka kalamu chini. Alisema pole, na alisema kweli, kisha akasema hatamlipisha ile saa. Bi Mwatumu akashukuru, akainuka kwa kushika kwanza meza, halafu kiti, halafu ukuta.

Gakii alikuwa akimsubiri nje na injini inaunguruma.

"Amesema nini? Tuna kesi?"

Bi Mwatumu alifunga mkanda, akavua viatu, akainyoosha miguu kadiri gari lilivyoruhusu. Alianza kulia bila sauti, machozi ya mtu asiye na haraka, na Gakii akazima injini. Wakakaa hivyo. Gakii hakusema lolote, ingawa ilionekana anataka. Alikuwa amejifunza mahali fulani jinsi ya kukaa na mfiwa.

"Washa gari," Bi Mwatumu akasema hatimaye. "Zamu yangu inaanza saa tisa."